Safu ya pili kutoka kushoto

Kompyuta ya sebuleni kwetu hapa Tanga ni ya mezani, ya mtumba, yenye kichakataji cha viini viwili na diski ya kuzunguka ya terabaiti moja, na inatumiwa na watu watano: mimi, mume wangu, mama mkwe, na watoto wetu wawili. Kila mmoja ana akaunti yake na nywila yake, kwa kuwa tangu mwanzo nilitaka kila mtu awe na mahali pake pa kuweka vitu vyake bila mwingine kuvichungulia. Inaendeshwa na mfumo endeshi wa Linux, ambao niliuweka mwenyewe, na nywila ya msimamizi ninaishika mimi peke yangu. Naanza na maelezo haya kwa sababu yote yaliyotokea baadaye yalipitia humo: watu watano, diski moja, na msimamizi mmoja.

Wiki moja baada ya Idd el Fitr kompyuta ilianza kuwa nzito nyakati za jioni. Kivinjari ambacho kwa kawaida hufunguka kwa sekunde tano kilichukua dakika nzima. Kishale cha kipanya kilitembea vizuri, lakini ukibonyeza kitu hakiitikii, na maneno uliyoyachapa yalikaa kimya kisha yakatokea yote kwa mkupuo mmoja. Taa ndogo ya diski, ambayo siku zote hukonyeza na kupumzika, iliwaka moja kwa moja, na ukisogeza sikio karibu na sanduku ulisikia diski ikikwaruza kwa mwendo ule ule usiobadilika. Asubuhi ikiwashwa inakuwa nyepesi kama haijawahi kuugua. Basi dawa ya nyumba nzima ikawa moja: zima, washa.

Nyumba yenye kompyuta moja na watu watano haikosi mtuhumiwa. Kwetu sisi alikuwa kifungua mimba wetu, aliye kidato cha tatu, kwa kuwa yeye ndiye anayekaa muda mrefu zaidi mbele ya skrini na anajulikana kwa kupenda michezo ya mpira. Jioni moja nilikuwa naandaa hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, jedwali likaganda kwa dakika mbili, nikafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, na kuandika amri ya top, ambayo huorodhesha programu zote zinazoendelea kufanya kazi na kiasi ambacho kila moja inakula. Orodha hupangwa kwa kutazama matumizi ya kichakataji, mlaji mkubwa akiwa juu. Mstari wa kwanza ulikuwa wa kivinjari, asilimia 38 ya kiini kimoja, na kwenye safu ya pili kutoka kushoto, inayotaja mwenye programu, palikuwa na jina la mwanangu. Mstari wa pili sikuusoma. Nilimwita.

"Umeacha kitu gani kinapakuliwa huko kwako?"

"Hakuna, Mama. Nimeacha ukurasa wa notisi za fizikia tu."

"Mbona kompyuta inasema ni wewe?"

"Si mimi, Mama. Wallahi si mimi."

Nilimpunguzia muda wa kutumia kompyuta mpaka saa moja kwa siku, nikamwamuru kila akimaliza aniite nihakikishe amefunga kila kitu. Hakubisha. Siku chache baadaye nikaja kujua kwamba ripoti ya jaribio la fizikia alikwenda kuichapa kwa rafiki yake mtaa wa pili, na nilipomuuliza kwa nini hakuichapa nyumbani akanijibu, macho yake yakiwa sakafuni, kwamba hakutaka kompyuta ikwame kisha ionekane ni yeye. Kompyuta ile tuliinunua kwa ajili yake na mdogo wake.

Nayo iliendelea kukwama hata jioni ambazo hakuigusa kabisa. Hapo ndipo palikuwa pa kusimama na kufikiri, lakini mimi nilikimbilia kushika bisibisi. Nilifungua sanduku nikapuliza vumbi kwenye feni, nikaondoa programu ambazo hakuna aliyezitumia, na mwisho nikaipeleka kwa fundi. Fundi aliiwasha asubuhi mezani kwake, akaikuta nzima, akanishauri niongeze kumbukumbu (RAM) kutoka GB 4 mpaka 8. Ushauri wake ulikuwa wa haki kwa kile alichokiona, maana kumbukumbu ya GB 4 kweli ni ndogo kwa siku hizi, na kifaa chenyewe kilitusaidia kwa mambo mengine. Ila ugonjwa haukwenda kwa fundi, kwa sababu kwa fundi hakuna aliyeingia kwenye akaunti yoyote isipokuwa yangu. Jioni ile ile tulipoirudisha ikakwama tena.

Jumamosi iliyofuata, saa moja na nusu usiku, taa ya diski ikiwa imewaka bila kupepesa, nilikataza mtu yeyote asiizime. Namsihi kila mwenye kompyuta inayougua na kupona hivi afanye vivyo hivyo angalau mara moja, hata kama kuna mtu anangoja kuitumia. Kuzima na kuwasha huponya, lakini papo hapo hufuta ushahidi: programu iliyokuwa ikisumbua inaondoka, namba yake inaondoka, mzazi aliyeizaa, yaani programu iliyoianzisha, anaondoka, na kinachobaki ni hasira za watu na kumbukumbu zao, ambazo hazitoshi kumhukumu mtu. Kwa wiki tatu tulikuwa tumeufuta ushahidi kila usiku kwa mikono yetu.

Niliandika top tena, na safari hii nilianza kusoma juu kabisa, kwenye mistari ile ambayo wengi tunairuka ili tufike kwenye orodha. Pale juu kuna namba tatu zinazoonyesha wastani wa mzigo kwa dakika 1, dakika 5 na dakika 15 zilizopita. Zilisomeka 5.32, 5.10 na 4.87. Maana yake kwa ufupi ni kwamba, kwa wastani, kazi tano hivi zilikuwa aidha zinahudumiwa au zimepanga foleni, kwenye mashine yenye viini viwili, na hali hiyo haikuwa ya dharura ya dakika moja bali ilikuwa imekaa. Lakini mstari wa kichakataji ulisema jambo ambalo mwanzoni lilionekana kupingana na hilo: programu za watumiaji zilikuwa zinatumia sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Kichakataji kilikuwa karibu hakina kazi, huku foleni imejaa.

Jibu lilikuwa kwenye herufi mbili zilizo mbele kidogo kwenye mstari huo huo, wa, ambazo ni muda ambao kichakataji kinakaa bure kwa sababu kazi zote zinasubiri diski. Zilikuwa kwenye asilimia 61. Linux, tofauti na mifumo mingine ya jamii yake, huhesabu kwenye mzigo hata zile kazi zinazosubiri diski, si zile tu zinazotaka kichakataji, na ndiyo maana namba zilipanda ingawa kichakataji kilikuwa kimetulia. Mtu akitazama safu ya kichakataji peke yake, kama nilivyofanya mimi siku ile, anapima joto la mguu kwa mgonjwa anayeumwa kichwa. Diski ya kuzunguka ina vichwa vya kusomea vinavyosogea pamoja huku na huko, na inaweza kusoma faili kubwa lililonyooka kwa kasi nzuri, lakini ikitakiwa kuruka kati ya maombi ya watu wanne waliotawanyika humudu maombi kama mia moja tu kwa sekunde. Mmoja akiishika bila kuiachia, wengine wote wanakaa wanasubiri, hata kama wanachotaka ni kidogo.

Basi nikashuka kwenye orodha. Kivinjari cha mwanangu kilikuwa pale pale juu, kama siku ile, kikifanya kile ambacho kila kivinjari hufanya kikiachwa wazi. Chini yake palikuwa na programu inayoitwa md5sum, asilimia 17, na kwenye safu ya hali palikuwa na herufi D. Herufi hiyo ni ya mchakato, yaani programu inayoendelea kufanya kazi, uliolala usingizi usioamshika, yaani umeiomba diski kitu na hautageuka kwa lolote mpaka upewe. Nilitazama safu ya pili kutoka kushoto. Jina lilikuwa la mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, anasikiliza redio, na hakuwa ameisogelea kompyuta tangu mchana. Nikamwendea.

"Mama, samahani. Leo umeingia kwenye kompyuta?"

"Mchana, nilipomaliza kuswali, nilitazama picha zangu kidogo. Nimeharibu kitu, mwanangu?"

"Hapana, Mama. Hujaharibu kitu."

Swali lake liliniuma kuliko jibu lolote ambalo angenipa. Mzee wa miaka sabini na kitu anaulizwa kama amegusa kompyuta, na jambo la kwanza linalomjia ni kwamba ameharibu. Mimi ndiye niliyeifundisha nyumba yangu hofu ile, kwa namna nilivyomshughulikia mjukuu wake mbele yake.

Hapa nieleze jambo ambalo watumiaji wengi wa kompyuta ya pamoja hawajaelezwa, na si kosa lao. Kuna tofauti kubwa kati ya kutoka na kubadili mtumiaji. Ukitoka, programu zako zinafungwa na kila ulichokuwa umekishika unakiachia. Ukibadili mtumiaji, skrini inampisha mwenzako lakini wewe bado umo ndani: programu zako zote zinaendelea, zinasoma diski, zinakula kumbukumbu, ingawa hakuna anayeziona. Ni sawa na kubandika chungu kwenye jiko la mkaa, kisha ukatoka na kuurudisha mlango wa jikoni; anayepita ukumbini haoni moto, lakini mkaa unaungua. Kwetu kila mtu alikuwa anabadili mtumiaji, kwa kuwa ni haraka, na usiku ule kulikuwa na akaunti nne zilizo wazi kwa pamoja.

Programu za namna hii, zinazofanya kazi chinichini bila dirisha, zina historia inayohusiana hasa na kompyuta ya watu wengi. Mwaka 1961 Fernando Corbató na wenzake wa MIT, Marekani, walionyesha mfumo wa CTSS, ambao uliwawezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiona kana kwamba ni yake. Mwaka 1963, katika mradi ulioitwa MAC, wakitumia mashine ya IBM 7094, walianza kuziita kazi zinazojiendesha zenyewe chinichini daemon, yaani pepo mtumishi, kwa kumkumbuka yule kiumbe wa kufikirika ambaye mwanafizikia James Clerk Maxwell alimbuni mwaka 1867, anayesimama kwenye kitundu baina ya vyumba viwili na kuchambua molekuli za kasi na za polepole bila kuchoka. Jina hilo limebaki mpaka leo. Napenda kulikumbuka, kwa sababu watu wa pwani tunajua vizuri kwamba pepo hajitumi, na swali la kwanza huwa ni nani kamleta.

Nami sikuuliza swali hilo kwa wakati. Msimamizi ana uwezo wa kuua mchakato wa mtu yeyote, na uwezo huo unanong'ona sikioni. Nilimwambia mama mkwe kwamba kuna kazi inaendelea kwenye akaunti yake na ninaomba ruhusa niisimamishe, akasema, "Wewe ndiye unayejua, mwanangu." Nikachukua namba ya md5sum, nikaandika kill na namba hiyo. Mstari ukatoweka. Taa ya diski ikazimika, ikakonyeza, ikazimika, na mdogo mtu akashangilia kutoka kwenye kochi. Nilikaa nikiitazama. Baada ya nusu dakika taa ikawaka tena, ikabaki imewaka, na md5sum ikarudi kwenye orodha ikiwa na namba nyingine.

Mjumbe hauawi, na md5sum ilikuwa mjumbe tu. Kazi yake ni ndogo na ya heshima: husoma faili lote, neno kwa neno, na kutoa mstari wa herufi na tarakimu 32 ambao ni kama alama ya kidole ya faili hilo, ili ukilisoma tena baadaye ujue kama limebadilika. Haiji yenyewe. Nikaandika amri ya ps nikiiomba iniongezee safu ya namba ya mzazi, nikaifuata namba hiyo mpaka juu. Mzazi wake alikuwa skripti, yaani faili la amri zinazotekelezwa moja baada ya nyingine, iliyoitwa hifadhi-picha, na hifadhi-picha niliiandika mimi, kwa mikono yangu, miezi minane iliyopita.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikaa kimya nikilitazama jina lile, kisha nikafanya jambo la aibu: badala ya kuisoma skripti yangu nikaiua, na kwa ishara namba 9, ile isiyompa mchakato nafasi ya kusema neno la mwisho. Baada ya sekunde thelathini ikarudi. Baadaye nilijifunza kwamba ningetumia ishara ya kawaida, namba 15, ambayo humwomba mchakato afunge kazi zake aondoke, ingeondoka na isingerudi. Msimamizi wa huduma, yaani wa programu zinazoendeshwa chinichini, kwenye Linux yetu, systemd, huhesabu kifo kwa ishara ya 15 kuwa mwisho wa heri, na kifo kwa ishara ya 9 kuwa ajali. Na mimi, wakati naiandaa skripti ile iwe huduma, nilikuwa nimemwagiza kwamba ikipata ajali aiwashe upya. Kwa hiyo ukali wangu ndio ulioirudisha.

Hapo ndipo nilipofungua kumbukumbu za mfumo, mahali ambapo kila huduma huandika ilichofanya na kilichoisibu. Kabla ya kuzifungua nilimwomba mama mkwe ruhusa kwa mara ya pili, na safari hii nilimweleza ninachoomba: kwamba nitaona majina ya mafaili yake, nami sitafungua picha yoyote. Naona jambo hili ni kubwa kuliko watu wanavyolichukulia. Aliye na nywila ya msimamizi anaweza kuona kila faili lililofunguliwa na kila mtu wa nyumba, na uwezo huo haumpi haki ya kuona. Mama mkwe alikuja akaketi kwenye kiti kando yangu, akavaa miwani, tukasoma pamoja, mimi nikimfasiria. Mstari ulikuwa ule ule ukijirudia: huduma imeshindwa, inawashwa upya, imeshindwa, inawashwa upya. Kabla sijaanza kuua, mstari wa mwisho ulisema imewashwa upya mara 31, na wa kwanza ulikuwa wa saa saba na nusu mchana, alipoingia kutazama picha.

Skripti yenyewe niliiandika kwa mapenzi. Mama mkwe ana picha na video zipatazo GB 62: za marehemu mumewe, za harusi, za wajukuu, na nyingi alizoletewa na dada yake aishiye Maskati, ambaye kila akija huja na flashi iliyojaa. Nilitaka picha zile zisipotee, kwa hiyo nilitengeneza huduma ambayo, kila mama anapoingia kwenye akaunti yake, inapitia folda yote, inachukua alama ya kidole ya kila faili kwa md5sum, inailinganisha na ya zamani, na mwisho inatengeneza nakala ndogo ya kila kilicho kipya ili kifunguke upesi. Niliiweka kwenye akaunti yake, si yangu, kwa kuwa folda ile imefungwa kwa watu wengine wote. Na kwa kuogopa makosa niliandika mwanzoni mwa skripti agizo la kusimama mara moja amri yoyote inaposhindwa, kisha kwenye huduma nikaandika kwamba ikisimama kwa kushindwa isubiri sekunde 30 na kuanza upya. Kila agizo lina busara likiwa peke yake. Yakikutana yanaunda duara.

Siku chache baada ya Idd palikuwa na harusi ya ukoo, na mgeni wetu wa Maskati alileta video yake. Umeme ulikatika wakati video inahamishwa kutoka kwenye flashi kwenda kwenye kompyuta, na kilichobaki kwenye folda kilikuwa kipande cha mwanzo tu: MB 612 za video ya zaidi ya GB 1. Faili la video la aina ile huwa na sehemu iitwayo moov, ambayo ni faharasa inayoiambia programu ya kuchezesha video picha gani iko wapi, na kamera nyingi huiandika mwishoni kabisa, baada ya kurekodi kwisha. Kipande kisicho na mwisho hakina faharasa, na programu yoyote ikikifungua husema haikuiona moov na kuacha. Maneno hayo yalikuwa yameandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo mara zote zile, yakimngoja mtu wa kuyasoma.

Kwa hiyo kila mzunguko ulikuwa hivi. Skripti inaanza, inasoma GB 62 zote kwa muda wa dakika 11 hivi, inafika kwenye video iliyokatika, inashindwa, inasimama, inasubiri nusu dakika, kisha inaanza kusoma GB 62 upya kana kwamba haijawahi kuziona. Mara 31 zinafanya karibu GB 1,900, sawa na kuisoma diski yetu nzima mara mbili kwa mchana mmoja, bila kuongeza hata picha moja. Systemd ina kinga yake dhidi ya huduma zinazoanguka mfululizo: kwa kawaida huduma ikiwashwa zaidi ya mara tano ndani ya sekunde kumi huachwa ilale. Lakini kinga hiyo ilitungwa kwa ajili ya zile zinazoanguka upesi. Inayohangaika dakika 11 ndipo ianguke haiifikii kamwe, na inaweza kuendelea hivyo mpaka siku mtu atakapozima kompyuta.

Nilisimamisha huduma kwa njia yake, kwa amri ya systemctl, taa ikazimika na haikurudi. Kurekebisha skripti kulichukua usiku wote uliobaki, na hapo sina mengi ya kusema. Sasa inatazama kwanza ukubwa wa faili na tarehe yake, na husoma ndani ya yale tu yaliyobadilika. Faili likiwa bovu inaliandika jina lake pembeni na kuendelea na mengine. Niliondoa agizo la kuwashwa upya, nikaipangia ianze mara moja tu kwa siku. Nilipata ushauri kwamba ingetosha kuishushia daraja kwa amri ya nice, ambayo huanzia -20 mpaka 19, na namba kubwa ikimaanisha mchakato mpole zaidi. Nilijaribu kwa udadisi na haikusaidia chochote, kwa sababu nice hugawa zamu za kichakataji, na kwetu kichakataji hakikuwa na shida. Zamu za diski zina amri yake, ionice, nayo hutegemea mpangaji wa foleni ya diski ni yupi.

Jumapili asubuhi, kabla ya chai, nilimwita mwanangu nikamweka kwenye kiti changu. Nilimwonyesha kila kitu kwa mpangilio kama nilivyokiona: mzigo, ile wa, herufi D, jina la bibi yake, jina la skripti, na mwisho jina langu kwenye mstari wa kwanza wa skripti, mahali ambapo anayeandika hujitaja. Nikamwambia nilimkosea na ninamwomba radhi, na kwamba muda wake umerudi kama ulivyokuwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja.

"Kwa hiyo siku ile uliponiita, huu mstari wa pili ulikuwepo?"

"Ulikuwepo."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutazama skrini. Kisha akaniuliza kama flashi ya harusi bado ipo. Ilikuwepo, ndani ya kisanduku cha miwani cha bibi yake, imefungwa kwenye kitambaa. Aliichomeka mwenyewe, akalifuta faili lililokatika baada ya kumwomba bibi yake, akaihamisha video upya, akakaa pale pale mkono ukiwa magotini mpaka ilipokwisha. Sikumwambia afanye kilichofuata. Alifungua terminali akaandika md5sum kwa faili la kwenye flashi, kisha md5sum kwa faili la kwenye diski, ikatoka mistari miwili, mmoja chini ya mwingine. Akaanza kuwasomea bibi yake na mdogo wake, herufi moja ya juu, herufi moja ya chini, kidole chake kikitembea kwenye kioo, mpaka ya thelathini na mbili. Zilikuwa sawa zote. Bibi yake akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena, akasema, "Haya, mjukuu wangu, nifungulie hiyo harusi."